Divai ya Mweupe ya Kaku Mbelu

Jumatatu, 3 Mei 1976

Mi, Kazadi, niko kijana wa akili kupita bote kutoka Kolwezi mpaka Kasaji, na kama treni ingeendelea mbele, na sifa yangu ingeendelea. Hata mwalimu wa secondaire ya pili alijua. Njo maana alinifukuza. Batu babili ba akili namna ile hawawezi kuenea mu klasi moja.

Lakini nimechoka. Akili inachokesha. Asubuhi baridi ya mwezi wa tano, maji ya robinet inauma meno, na Kaku Mbelu ananituma kubeba ndoo ku mizabibu yake. Kaku njo mama wa mama yangu. Alifulia nguo Madame wa Mugreki, mwenye magazini, duka kubwa la muji, miaka na miaka. Nyuma ya magazini kuko mizabibu. Baba ya yule Mugreki aliipanda mbele mama yangu azaliwe. Miti ya kujipinda, ngozi inabambuka, sawa batu ba matanga. Madame alimufundisha Kaku kukamua, kungoja, kufunga na nta. Kisha serikali ikachukua magazini za bageni, ikazipa bananchi. Mugreki akaenda kwabo. Magazini ikaangukia kwa Citoyen Muamba.

Muamba alipata mizani, frigo, kontwari ya kuuzia na parcelle, kiwanja kizima. Mizabibu hakuna mutu aliyeitaka. Kaku akaendelea nayo bila kuuliza mutu. Kila mwaka anatengeneza divai. Damejeanne moja, ile chupa kubwa ya tumbo. Moja tu! Nilimwambia muti kijana ungezaa pipa. Akajibu kwamba muti muzee unazaa kidogo juu unawaza kwanza. Nikamwambia na mi ninawaza sana na ninazaa kidogo, mbona hakuna mwenye kunisifu? Akanipa ndoo ingine.

Leo Muamba alikuja na mètre ya kupimia. Anataka kujenga nganda pale, batu bakunywe bière mu kivuli. Mizabibu itaondoka. Kaku hakulia. Alimukalisha ku kiti, akafungua damejeanne ya mwaka jana, akavuta glasi moja na mupira mwembamba wa kunyonya, akamupa kwa mikono mibili. Muamba akainua glasi ku jua. Akauliza ni nini. Kaku akasema, divai ya mweupe, citoyen. Muamba akasema macho yake iko muzima bado, na hii ni rangi ya mukojo wa mutu wa malaria.

Hakugusisha hata ku mudomo!

Akasema hivi: Jumamosi, kisha salongo, ile kazi ya bote ya kufagia muji, anawaleta bakubwa ba zone kuona fasi ya nganda. Tangu njia ya treni ya Angola ifungwe, bale bakubwa hawajaona hata kaisa moja ya divai. Amekwisha kuwaahidi mweupe. Ikiwa mweupe kweli, na bakiipenda, mizabibu inabaki. Kama sivyo, Jumatatu ni panga.

Kaku akachukua ile glasi, akaimwanga ku shina ya muti. Yenye kutoka mu damejeanne hairudi. Nikamwambia, Kaku, hii mambo iache mu mikono yangu.

Akaangalia mikono yangu wakati murefu.


Jumanne, 4 Mei

Kisimba! Jina lile linanichokesha hata kuliandika. Anatengeneza kinga, njo baiskeli, ngambo ya barabara. Tuko rika moja, lakini ameota nywele mbili tatu ku kifua, basi hata baridi ikiwa namna gani anafungua vifungo. Ananiita "petit", eti mi mudogo.

Sikumuuliza kitu. Akanipa shauri vile vile. Eti petit, muti unakunywa kila kitu unachopakwa. Paka shina chaux, ile chokaa, divai itatoka mweupe. Nilijua ananichekelea. Mi si mujinga. Lakini kicheko cha mujinga kinaweza kubeba wazo la mutu wa akili bila yeye kujua. Wakati mukubwa anakuja mu muji, si banapaka chaux miti yote ya avenue, na mawe, na hata mbuzi ikikawia? Basi bakubwa banapenda muti mweupe. Nikaomba chaux kwa bale ba kupaka mawe ya ofisi ya zone. Nikapaka mizabibu yote mpaka ku shingo. Ikapendeza! Sawa baskari ba parade.

Kaku akarudi kutoka soko. Akasimama. Akauliza nani amekufa.

Nikamweleza. Akatua kikapo, akaleta maji na kitambaa. Eti muti muzee unapumua na ngozi, na ngozi haikwanguliwe na nguvu, unafuta sawa unafuta uso wa mutoto. Mi njo nilifuta. Yeye alikaa ku kiti akinionyesha na kidole: pale, pale tena, polepole weye, ile si sufuria! Mugongo umekufa. Magoti imekufa. Kisimba alipita na kinga, akarudi, akapita tena, kila mara anauliza kama ile miti nawapeleka ku komunyo ya kwanza.


Jumatano, 5 Mei

Nimewaza usiku kucha, maana yake mpaka nilipolala.

Chemise za bakarani ba mine ya shaba zinakuwa mweupe na nini? Na Omo. Basi!

Kaku alienda mu mukutano wa bamama ba kanisa. Nikavuta kikombe kimoja mu damejeanne. Nikatia Omo, kijiko kimoja cha kujaa. Nikakoroga. Povu ikapanda sawa ya bière Simba ya baridi, nzuri ya kupiga picha. Nikafurahi. Povu ikashuka. Chini, mukojo ule ule.

Mutu wa sayansi hatupi kitu bila kuonja. Nilionja.

Sitaandika zaidi.

Magaribi Kaku akauliza kwa nini ninatoa mapovu nikisema. Nikajibu ni beignets, yale maandazi ya Mama Adolphine, jirani yetu, mafuta yake si ya kweli. Kaku akanichemushia majani ya mapera, nikakunywa kopo nzima, chungu! Kisha akatoka inje akamwambia Mama Adolphine, mbele ya batu, kwamba anaua batoto ba batu bengine. Sasa hawasalimiane. Kazi ingine juu ya kazi. Nitawapatanisha siku nikipumzika.


Alhamisi, 6 Mei

Tumbo imetulia. Nimemuuliza Kaku na heshima yote: hawezi kuitengeneza mweupe ya kweli? Akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema batu beupe banaiita mweupe namna banavyojiita benyewe beupe. Akaniuliza, uliona wapi mutu mweupe mwenye kuwa mweupe? Mugreki alikuwa rose, na wakati wa joto alikuwa sawa tomate.

Hoja nzuri. Ningeitoa mi mwenyewe. Nikaenda nayo kwa Muamba, nikavaa na viatu. Nikamwambia kwamba ku Ulaya divai ya mweupe iko vile, ni desturi. Akaniuliza kama nimefika Ulaya. Nikasema bado. Akaniuliza kama nimefika Likasi.

Nikaangalia viatu vyangu.

Akasema hatuko ku Ulaya, tuko ku Zaïre, na ku Zaïre kitu tukisema mweupe kinakuwa mweupe, authenticité yenye serikali inahubiri njo ile. Na yeye hatapata haya mbele ya bakubwa juu ya kikombe cha mukojo. Na mukataji amekwisha kupatikana. Nani? Kisimba! Amepewa kazi, na kuni zote zitakuwa zake. Nilipotoka nilimukuta anaketi mbele ya kiwanda chake, ananoa panga ku jiwe. Polepole. Anaimba. Akaniambia, petit, salimia kaku yako, mwambie miti ya zamani inawaka muzuri.

Nilimujibu neno moja kali sana. Alikuwa amekwisha kuingia ndani, lakini neno lilikuwa kali.


Ijumaa, 7 Mei

NIMEPATA!

Nilikuwa natembea ku njia ya Musonoi, kichwa chini, nimechoka sawa punda wa muzee. Nikainua macho. Mbele yangu Mama Adolphine, na mbele yake ndoo ya munkoyo. Munkoyo! Kinywaji cha unga wa mahindi na muzizi, chenye tunakunywa bote tangu batizo mpaka matanga. Na rangi yake? Mweupe! Mweupe kupita Mugreki na chaux pamoja! Nilisimama sawa mutu amepigwa na umeme.

Changanya tu. Kidogo cha Kaku, kidogo cha Adolphine. Muamba ana mweupe wake, miti inabaki, Kisimba anakula panga yake.

Shida moja: Mama Adolphine hataki kusikia ukoo wetu. Nikaomba musamaha juu ya Kaku, juu ya beignets, juu ya mafuta, bila kusema nani alianza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema sawa, ananipa ndoo mbili, lakini nitamuchotea maji juma lote lenye kuja. Nikaitika. Mabega yangu yakaitika na kulia.

Mpango ni wa haki kabisa: ninachanganya nusu ya damejeanne. Nusu ingine inabaki ya Kaku. Mi si mwizi.

Kaku leo ametoa glasi za Madame zenye kubaki, zilikuwa zimefungwa mu gazeti. Amezisugua na majivu mpaka zinaimba. Amepiga pasi ku pagne, kitenge chake cha siku kubwa. Akaniambia kwamba hii divai ya mwaka jana ilitoka ku ule muti muzee kabisa, peke yake, na hajawahi kupata zabibu za namna ile. Aliionja tu wakati ilikuwa changa, chafu, ya kukasirika. Tangu pale, hapana. Jumatatu alipofungua alimupa Muamba wa kwanza, juu Madame alikuwa anafanya vile: anapatia mugeni, anaangalia uso wake, kisha njo anakunywa. Kesho, akasema, ataona sura zao zote.

Nikasema ndiyo, Kaku. Kesho.


Jumamosi, 8 Mei, siku ya posho

Asubuhi salongo. Kila mutu na fagio ku avenue, Kaku pia. Mi nilijilaza, nikashika tumbo, nikasema ni ile ya Jumatano inarudi. Walipogeuza kona, nikasimama.

Nilimwanga nusu ya damejeanne mu bassin kubwa, nusu kabisa, alama niliweka na kidole. Nikatia munkoyo. Ikawa rangi ya chai ya batu bamasikini. Nikaongeza munkoyo. Ikawa mweupe! Lakini nzito, kijiko kinasimama. Bakubwa hawatakula divai na kijiko. Nikaongeza divai kidogo. Ikawa jaune, ile manjano ya mukojo. Nikaongeza munkoyo. Nzito. Divai. Jaune. Munkoyo. Mutu mwingine angeacha, lakini mi nilisoma physique mwaka mmoja karibu muzima. Mwisho ikapatana: mweupe, nyepesi, inateleza. Muzuri!

Nikaangalia damejeanne. Ilikuwa haina kitu. Nikaigeuza, nikaipiga ku tako. Kitu haina. Sijui ilikwisha saa gani.

Haizuru. Yote iko mu bassin, si imepotea.

Saa ya nane bakafika. Abacost nne, zile suti bila tai za bakubwa, fimbo moja, bitambi bingi. Kaku alikuwa ku jikoni na bamama, anatoa nyama ku moto. Mi njo nilimimina mu glasi za Madame, mi njo nilipita na sinia. Muamba aliinua glasi ku jua, na uso wake ukafunguka sawa mulango. Akasema, bakubwa, divai ya mweupe, na weye mwenye macho uone!

Bakakunywa.

Niliona panga ya Kisimba inangaa nyuma ya ukuta.

Yule mwenye fimbo akatafuna kidogo. Akauliza, ni zabibu hii? Muamba akajibu, zabibu za Zaïre, citoyen. Mwenye fimbo akasema zile za Ulaya alizikunywa zamani, zilikuwa zinapita tu sawa maji ya mutoni. Lakini hii inakaa mu tumbo, hii inamuheshimu mutu. Akanyoosha glasi. Bengine bakanyoosha. Mwingine akauliza kama kuko ya kupelekea bibi yake. Muamba akasimama ku kiti, jasho inatiririka, akapiga kelele: hakuna kukata muti hapa! Hata jani!

Kisimba alibaki pale na panga yake, sawa bwana arusi mwenye bibi amekataa. Nilimupelekea glasi. Nilimwambia, kunywa, petit.

Kisha bakaita mwenye kutengeneza. Kaku akatoka jikoni, amefunga pagne ya siku kubwa, anapangusa mikono. Alikuwa anaangalia sura zao, moja moja, bote banacheka, bote bana mustachi ya mweupe. Muamba akamupa glasi yeye mwenyewe. Kaku akaishika. Akaangalia ndani. Akanusa. Kisha akaniangalia mi.

Akaikunywa yote, kusimama, mpaka chini. Akasema, asante sana, baba zangu. Bakamupigia mikono. Akakusanya glasi za Madame, akaziosha, akazifunga mu gazeti, akarudi ku nyumba mbele muziki ianze.


Jumapili, 9 Mei

Nilingoja matusi tangu asubuhi. Nilikuwa nimetayarisha majibu, mengine mazuri sana. Hakuna kitu. Kisha misa Kaku akapika bukari, njo ugali, na kuku wa kubaki, akanipa kipande kikubwa. Ile iliniogopesha kupita fimbo.

Muamba alikuja. Anataka ile ile kila mwezi, pipa mbili, na kibao mbele: NGANDA YA MWEUPE. Mizabibu itakuwa dari, batu bakae chini yake. Ameniita Directeur. Kaku alimusikiliza, akamwambia kwamba pipa haziwezekane, muti unatoa damejeanne moja tu. Muamba akacheka, akamwambia Mama usisumbuke, kijana wako anajua namna ya kuzidisha. Kaku akasema, ndiyo, anajua.

Kisimba alipita magaribi kuuliza kama kuko kazi ya kubeba ndoo. Nilimwambia alete dossier ya kuomba kazi.


Jumatatu, 10 Mei

Nimechota maji ya Mama Adolphine tangu jogoo. Mabega si yangu tena. Lakini kichwa kinatembea! Nimekwisha kuona njia: mwenye kutengeneza mweupe anaweza kutengeneza mwekundu. Munkoyo ule ule, na betterave, ule muzizi mwekundu. Na kama bakubwa bataka rose, nusu betterave. Siku ya sherehe ya chama, tarehe makumi mbili, nitapeleka rangi tatu. Zabibu? Kidogo tu, juu ya harufu. Kusema kweli mwaka ujao zinaweza hata kukosekana na hakuna mutu atajua. Mi njo nitakuwa mutengenezaji wa divai wa kwanza ku Lualaba mwenye hatangojea muti kuwaza.

Basi bitu byote bilienda muzuri. Miti imesimama. Muamba anafurahi. Kisimba amefunga vifungo vya chemise. Kitu kimoja tu kiliharibika kweli, na ninakiandika hapa juu hapa hakuna mwenye kusoma.

Magaribi Kaku aliniita nimushikie damejeanne aioshe. Alitia maji, akatikisa, akamwanga. Akatia tena. Akaniuliza polepole, bila hasira, sawa unauliza habari ya ndugu mwenye kutoka safari: mbele uchanganye, uliionja? Ilikuwa namna gani?

Mi nina jibu la kila kitu. Nilisema: tamu, Kaku. Tamu sana.

Akaendelea kutikisa maji. Kisha akasema, haikupaswa kuwa tamu.

Ile divai yenyewe, peke yake, sikuionja. Na hakuna mwingine mwenye aliionja.